Themostati ya Inkbird ITC-308 kwa chatu aliyegoma kula: inafaa, ila usiiache kama ilivyotoka kiwandani

Chatu akigoma kula, mwenye kumfuga hukimbilia chakula. Anabadilisha panya, ananunua matone ya kuamsha hamu, mwishowe anamtupia panya hai. Pesa zinakwenda, wiki zinapita, na nyoka yuko palepale amejikunja kama kata ya kubebea maji, hata ulimi hautoi. Kumbe mara nyingi mzizi wa mgomo uko chini ya tumbo lake: sakafu ni baridi, au inaunguza, au leo hivi kesho vile. Kwa hiyo tunachokipima hapa si chakula wala dawa. Ni themostati, kifaa kinachowasha na kuzima kipashio ili joto lisizidi wala kupungua, tena ya bei ya kawaida: Inkbird ITC-308, inayouzwa Marekani kati ya dola 30 na 40.

Hukumu yetu ni hii: kwa chatu anayelala juu ya mkeka wa joto, ule wa umeme unaowekwa chini ya tangi lake, kinunue kifaa hiki kabla hujanunua pakiti ya pili ya panya. Lakini kikitoka kwenye boksi hakijapangwa kwa ajili ya nyoka. Ukikichomeka hivyohivyo na kuondoka, umebadilisha tatizo tu, hujaliondoa.

Nyoka tunayemzungumzia ni Python regius, yule chatu mfupi mnene ambaye Waingereza humwita royal python na Wamarekani ball python kwa sababu akiogopa anajiviringa kama mpira. Asili yake ni nyika za Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegali mpaka Uganda, na wengi wanaosafirishwa wakiwa hai hutoka Ghana, Togo na Benin. Ndiye chatu utakayemkuta kwenye duka lolote la wanyama wa kufugwa Ulaya na Marekani, na ndiye bingwa wa kugoma kula kuliko nyoka wote wanaofugwa majumbani. Kwa aliyeko Kenya au Tanzania, kufuga nyoka kunataka kibali cha mamlaka ya wanyamapori, kwa hiyo mapitio haya yanawahusu zaidi wasomaji walioko Minneapolis, Toronto, London na kwingineko ambako anauzwa kihalali.

Kwanza tuelewane kwa nini joto linafunga mdomo wa nyoka. Chatu hatengenezi joto lake mwenyewe. Panya wa gramu 60 akiingia kwenye tumbo la nyoka wa gramu 600, mwili unahitaji joto la nje siku kadhaa mfululizo ili kumyeyusha. Pakiwa na baridi, nyama inaanza kuoza kabla haijayeyuka, na nyoka anaitapika. Kutapika kunamchosha kuliko njaa, maana asidi ya tumbo inatoka pamoja na chakula. Ndiyo maana chatu aliyepoa hakubali hata kuanza. Anayeunguzwa naye hali, kwa sababu shughuli yake yote ni kukimbilia upande wa baridi.

Vipimo vya kulenga ni hivi: sakafu ya upande wa moto nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi, upande wa baridi 25 hadi 27, na usiku hewa isishuke chini ya 24. Sakafu ikipita 35 ni hatari. Mkeka wa joto usio na kidhibiti unapita 40 bila shida, na chatu anaweza kulala juu yake mpaka magamba ya tumbo yakaungua.

Sasa kifaa chenyewe. ITC-308 ni kiboksi chenye waya mmoja wa kwenda ukutani, soketi mbili na kihisi chenye waya wa takriban mita mbili. Soketi moja ni ya kupasha, nyingine ya kupoza, kwa sababu kimetengenezwa kutumika pia kwenye friji za kuchachulia pombe, kuangulia mayai na kazi nyingine za namna hiyo. Kosa la kwanza la kuogopa liko hapohapo. Mkeka ukichomekwa kwenye soketi ya kupoza, utawaka pale joto linapozidi, na kadiri linavyozidi ndivyo utakavyoendelea kuwaka. Bandika selotepu nene juu ya soketi ya kupoza siku ya kwanza, na iachwe hapo.

Skrini ya juu inaonyesha joto linalosomwa, ya chini joto ulilopanga. Bonyeza SET kwa sekunde tatu, utaona herufi mbilimbili zikipokezana kila unapobonyeza tena. TS ni joto unalolitaka. HD ni pengo la kupasha, na kiwandani wameliweka nyuzi 2.0. Maana yake ukipanga 32, mkeka unazimika kwenye 32 na hauwaki tena mpaka pashuke hadi 30. Juu ya hapo mkeka uliozimika bado una joto lililobaki ndani yake, kwa hiyo sakafu inapanda kidogo kabla ya kuanza kushuka. Nyoka anaishi kwenye bembea ya nyuzi tatu mchana na usiku. Shusha HD hadi 0.5 na bembea hiyo inatulia. CD inahusu kupoza, iache. PT ni muda wa kusubiri wa kompresa ya friji, nayo iache.

AH na AL ni kengele, na hapa ndipo wengi wanapolala. Kiwandani AH iko 90 na AL iko chini ya sifuri kwa nyuzi 40. Kengele ya namna hiyo haitalia nyoka akiwa hai. Panga AH iwe nyuzi 3 juu ya TS, na AL nyuzi 4 chini yake. Ukiwasha kwa mara ya kwanza italia kwa sababu mkeka bado haujapata moto. Bonyeza kitufe chochote inyamaze. Ukiona Er kwenye skrini, kihisi kimekatika au kimechomoka, na kifaa hakijui tena joto ni kiasi gani.

CA ni ya kusahihisha kihisi. Kiweke kihisi pamoja na kipimajoto kingine unachokiamini kwa dakika 20 ndani ya kikombe cha maji ya vuguvugu, ncha ya chuma tu ikizama. Kama kihisi kinasema 31.0 na kipimajoto kinasema 32.0, ongeza CA kwa 1.0. Ni kazi ya nusu saa, na inafaa kurudiwa kila baada ya miezi sita.

Mahali pa kuweka kihisi ndipo kazi yote ilipo. Wengi hukiweka ndani, juu ya sakafu. Kinasoma vizuri siku ya kwanza, kisha usiku chatu anapita, anakiburuta na kukitupa kwenye bakuli la maji. Kihisi kilicholowa kinasoma 24, themostati inaamini tangi limepoa, na mkeka unawaka bila kuzimika huku nyoka akiwa amelala juu yake. Afadhali kihisi kikae nje, katikati ya mkeka na sehemu ya chini ya kioo, kikiwa kimeshikwa kwa utepe wa alumini. Selotepu ya kawaida huachia ikipata joto. Tena usibandike utepe wowote ndani ya tangi, maana ukishika magamba ya chatu, kuubandua ni kuchuna ngozi.

Kihisi kikiwa nje, namba utakayopanga si 32. Kioo kinakula joto, na matandiko nayo yanakula. Anza na TS 33, subiri saa tatu, kisha chukua kipimajoto cha mionzi, kile chenye umbo la bastola, ufukue matandiko upime kioo ndani ya maficho ya upande wa moto. Kikisoma 30, panda kwa nyuzi moja, usubiri saa mbili, upime tena. Kwenye tangi la kioo utaishia 34 hadi 36, na kwenye boksi la plastiki nyembamba chini kidogo. Matandiko juu ya mkeka yasizidi sentimita 2. Yakiwa mazito, joto linanaswa chini na nyoka akichimba anakutana nalo lote kwa mkupuo. Mkeka uchukue theluthi moja ya sakafu, upande mmoja tu, na tangi liinuliwe kwa vijiguu ili hewa ipite chini.

Udhaifu wake. Themostati hii inawasha na kuzima tu, haipunguzi umeme kidogokidogo. Kwa mkeka au kwa kipashio cha kauri hilo halina neno. Kwa taa ni mbaya, maana itawaka na kuzima usiku kucha, imshtue nyoka na iue balbu mapema. Anayetumia taa ya joto anahitaji themostati inayofifisha, kama Herpstat, ambayo bei yake inapita dola 100. Udhaifu wa pili unahusu vidhibiti vyote vya aina hii: swichi ya ndani ikishikana, umeme haukatiki tena. Kinga yake ni kutumia mkeka wa wati chache, 20 hivi zinamtosha chatu mmoja, na kuunganisha themostati ya pili ya bei ndogo kwa mfuatano, ikiwa imepangwa nyuzi 3 juu ya ya kwanza. Ya kwanza ikishindwa, ya pili inakata. Kwa mnyama anayeweza kuishi miaka 30, hizo si pesa za kuzionea uchungu. Jambo jingine dogo, ila limeunguza vifaa: toleo la Marekani ni la volti 110. Ukihamia Uingereza au Ghuba, nunua la huko, adapta ya plagi haibadilishi volti.

Joto likishakaa sawa, mengi bado hayamo kwenye uwezo wa kifaa. Chatu anataka maficho mawili, moja upande wa moto na jingine upande wa baridi, yenye kubana mpaka mgongo uguse dari na mbavu ziguse kuta. Maficho mapana kama ukumbi ni sawa na kutokuwa nayo. Unyevu uwe asilimia 55 hadi 65. Kama tangi ni kioo pande zote, funika tatu kwa karatasi nyeusi. Macho yakigeuka ya samawati yenye ukungu, anajiandaa kujivua gamba na hatakula, mwache amalize. Dume aliyekomaa anaweza kufunga miezi kadhaa katika msimu wa kupandana, ambao wafugaji wengi huuona kati ya Novemba na Machi, na jike mwenye mayai naye hali. Themostati haiwezi kuwalisha hao, wala haina haja.

Sasa namna ya kumpa chakula mgomaji. Baada ya joto kutulia, mwache siku 7 kamili bila kumshika, bila kumhamisha, bila kufunua maficho kumchungulia. Kubadilisha maji tu. Siku ya sita usiku, toa panya kwenye friza umweke kwenye friji, kwenye mfuko uliofungwa. Kesho yake jioni, ukiwa bado umeufunga mfuko, uzamishe kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 15 hadi 20. Mikrowevu usiiguse: inapika sehemu na kuacha nyingine barafu, na panya anaweza kupasuka. Minya tumbo la panya kwa vidole. Ukihisi kigumu ndani, bado kuna barafu. Mkaushe kwa karatasi ya jikoni, maana aliyelowa hana harufu na anapoa haraka.

Mwisho kabisa rudisha kichwa chake peke yake kwenye maji ya moto kwa nusu dakika. Chatu ana vishimo kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto, na gizani anamwona panya kwa vishimo hivyo kuliko kwa macho. Kichwa chenye nyuzi 38 hadi 40, mwili wenye 35, ndiyo picha anayoifahamu ya mnyama hai. Lile bastola la mionzi ulilonunua kwa ajili ya sakafu linapima hapa pia. Panya aliyeachwa mezani dakika kumi wakati unatafuta koleo ameshapoa, na watu wengi wanahesabu mgomo kwa kosa hilo tu.

Zima taa za chumba. Mshike panya kwa koleo refu la sentimita 30, nyuma ya mabega, umpitishe mbele ya mdomo wa maficho polepole kama panya anayenusanusa. Usimsogeze usoni mwa nyoka. Mfanye kama anapita na kuondoka. Shingo ikijikunja mfano wa herufi S na ulimi ukatoka kwa kasi, simama, usitikise tena, mwache apige. Akirudisha kichwa nyuma na kukificha, ameogopa. Weka panya kwenye kisahani karibu na maficho, funika tangi, ondoka mpaka asubuhi. Asubuhi akiwa bado yupo, tupa. Usimrudishe kwenye friza.

Kisha ngoja. Kinda asubiri siku 7, mkubwa siku 14. Kumjaribu kila jioni ndilo kosa linalorefusha mgomo kuliko yote, maana kila jaribio ni usumbufu mpya, na nyoka anajifunza kuwa koleo maana yake ni kuhangaishwa.

Ukubwa wa panya nao unaamua. Kinda apewe windo la asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, mkubwa asilimia 5 hadi 7 inatosha. Kwa mgomaji, anza na dogo kuliko kawaida, jembamba kuliko sehemu nene ya mwili wake.

Mizani ya jikoni ya kupima gramu mojamoja inakwenda pamoja na themostati hii. Bila hiyo utakaa roho juu au utazembea, na yote mawili ni mabaya. Mpime mara moja kwa wiki, siku ileile, uandike. Aliyeanza na gramu 1,500 na baada ya miezi miwili ana 1,460 hana shida, hata kama hajala kitu. Aliyekuwa na 600 akafika 540 amepoteza asilimia 10, na hapo si suala la kungoja tena. Kinda wa chini ya gramu 100 hana akiba. Wiki nne bila kula zinatosha kutafuta msaada.

Kama joto, maficho na unyevu viko sawa na majaribio matatu yamepita, hapo ndipo kubadilisha windo kunapopata maana. Aliyezoeshwa panya weupe wadogo hawezi kumtambua panya mkubwa kama chakula; msugue huyo mkubwa kwa matandiko machafu ya wale wadogo. Wengine huitika kwa harufu ya kifaranga. Anayeshinda wote ni panya wa jamii ya Mastomys, anayefugwa na kuuzwa akiwa amegandishwa kwenye baadhi ya maduka ya Marekani na Ulaya. Msomaji wa Morogoro anamjua vizuri: ndiye panya shamba anayekula mahindi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamemchunguza kwa miaka mingi. Chatu huyu na panya hao wanatoka nyika moja, ndiyo maana harufu hiyo inamwamsha. Tahadhari ni mbili. Usimkamate wa porini kamwe, kwani ana vimelea, na Afrika Magharibi jamii hiyo ndiyo inayobeba virusi vya homa ya Lassa. Pia akishamzoea huyo, kumrudisha kwenye panya wa kawaida ni vita nyingine.

Panya hai aachwe kabisa. Panya mkubwa aliyefungiwa na nyoka asiyetaka kula hugeuka mwenye njaa, na anatafuna mgongo wa chatu mpaka uti unaonekana.

Dalili za kumpeleka kwa daktari anayejua reptilia, hata kama uzito haujashuka, ni hizi: anapumua kwa mlio au povu linatoka puani, mdomo haufungi vizuri, ufizi una damu au utando kama jibini, anageuza kichwa kutazama juu bila sababu, ana uvimbe katikati ya mwili, au ametapika mara mbili. Marekani, chama cha madaktari wa reptilia na amfibia, ARAV, kina orodha ya kutafutia daktari wa karibu. Nenda na daftari la uzito na namba za joto za pande zote mbili. Daktari atakuuliza hayo kwanza. Kumlisha kwa nguvu kwa bomba ni kazi yake, si ya sebuleni, kwa sababu bomba likikosea njia linaingia kwenye mapafu.

Akishakula mara ya kwanza, usimguse kwa saa 48 na usiongeze ukubwa wa panya. Akitapika, mwache siku 14 kisha umpe windo la nusu ya lile. TS, maficho na mahali pa tangi visibadilishwe hata kidogo mpaka amekula mara tatu mfululizo.